Mtoto Hana Akili, au Kipimo Ndicho Kibovu?



Mhariri wetu aliniomba nichangie kitu kuhusu fani yangu, maana toleo lililopita wenzetu wa sheria na wa udaktari walijaza kurasa zote. Mimi ni mhandisi wa mitambo, nasomea uchovu wa metali, yaani kwa nini chuma kinachobeba mzigo uleule kila siku, siku moja kinakatika. Samahani mhariri, hilo litasubiri. Leo naandika juu ya watoto, na sababu ni barua.

Barua yenyewe ilitoka shule ya awali anakosoma mwanangu wa miaka minne hapa Manchester. Ilituita mimi na mama yake kwenye kikao. Mwalimu, mama mpole kabisa na wala sina ugomvi naye, alituambia kwamba mtoto yuko nyuma kiufahamu. Akionyeshwa picha ya tufaha na kuulizwa hii ni nini, ananyamaza. Akiulizwa ni rangi gani, ananyamaza tena na kutazama chini. Akipewa penseli achore mtu, anachora duara moja halafu anaacha. Mwalimu akapendekeza apelekwe kwa wataalamu wakamchunguze.

Niwe mkweli, usiku ule sikulala. Wenye watoto hapa chuoni mnaijua hali hiyo. Umetoka kwenu kuja kutafuta elimu, halafu unaambiwa mwanao hajui. Unaanza kujiuliza: nimemharibu kwa kumleta kwenye baridi hii na kumchanganyia lugha? Asubuhi, nikiwa namvalisha viatu, nikamuuliza taratibu: mwalimu akikuuliza hii ni nini, mbona humjibu? Akanitazama kama mtu anayenihurumia. "Baba, mwalimu si anajua!"

Jibu hilo ndilo lililonipeleka maktaba, tena ghorofa ambayo sikuwahi kuikanyaga, ya saikolojia na elimu. Haya yafuatayo ni matunda ya miezi kadhaa ya kuiba muda wa tasnifu yangu (msimamizi wangu hasomi Kiswahili, kwa hiyo niko salama). Si fani yangu, na mnaosoma saikolojia mkinikosoa nitashukuru.

Kwetu maabara, kabla hujaamini kipimo chochote unakipima chenyewe kwanza. Unaweka juu ya mizani jiwe ambalo uzito wake unaujua, unatazama mizani inasemaje. Na kipimo kinaweza kusema kweli kwenye joto la digrii 20 kikadanganya kwenye digrii 40, bila kuharibika hata kidogo. Hakikutengenezewa joto hilo, basi. Swali langu likawa hilohilo: kipimo cha akili kilichotengenezwa kwa kuwatazama watoto wa mahali fulani, ukikiweka juu ya mtoto wa mahali pengine, kinapima nini hasa?

Majina mawili hutayakwepa ukifungua vitabu vya fani hii, na wote wawili walizaliwa mwaka mmoja, 1896. Wa kwanza ni Jean Piaget wa Uswisi, ambaye aliwachunguza watoto kwa makini sana, wakiwemo watatu wa kwake mwenyewe, akaona kwamba akili inapanda ngazi moja baada ya nyingine kadiri mtoto anavyochezea vitu na kugundua mwenyewe. Wa pili ni Lev Vygotsky wa Umoja wa Kisovieti, aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu. Yeye alisema jambo ambalo bibi zetu wasingelishangaa: kwamba fikra za mtoto zinaanzia kati yake na watu wengine, katika mazungumzo na kazi za pamoja, ndipo baadaye zinaingia kichwani mwake na kuwa zake. Kwa hiyo ukitaka kujua uwezo wa mtoto usitazame tu anachoweza peke yake. Tazama na kile anachoweza akishikwa mkono kidogo na mtu anayejua zaidi. Nafasi iliyopo kati ya hayo mawili ndiyo mahali pa kufundishia.

Mwenzake Vygotsky, Alexander Luria, alifunga safari mwaka 1931 na 1932 kwenda Uzbekistan kuwahoji wakulima ambao hawakuwahi kwenda shule. Aliwaambia hivi: kaskazini ya mbali kwenye theluji dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali na kuna theluji daima, je, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi walijibu kwamba hawajui, hawajafika huko, kila nchi ina wanyama wake. Waliopitia shule hata kwa muda mfupi walijibu mara moja kwamba ni weupe. Luria alichukulia hiyo kama dalili kwamba elimu na maisha mapya vinabadili namna ya kufikiri yenyewe, na nadhani kwa sehemu alikuwa sahihi. Ila mimi nikisoma majibu ya wale wazee namsikia babu yangu. Mzee alikuwa hasemi jambo ambalo hakulishuhudia. Ukiapishwa mahakamani si ndivyo unavyotakiwa? Shule inachokufundisha ni kukubali, kwa muda wa swali, mambo ambayo hujayaona, na kuyafanyia hesabu. Ni ufundi mzuri, nimeula mkate kwa ufundi huo. Lakini ni ufundi wa kufunzwa, mtu hazaliwi nao.

Kisa cha Liberia kinachekesha zaidi. Michael Cole na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 1971, walichunguza watu wa kabila la Kpelle. Waliwapa vitu mchanganyiko, vyakula na zana, wavipange kwa makundi. Watu wakaweka kisu pamoja na chungwa, kwa sababu kisu kinakata chungwa. Kwa vipimo vya Ulaya hapo umefeli, ulitakiwa uweke matunda na matunda, zana na zana. Walipoulizwa sababu, walisema ndivyo mtu mwenye busara angefanya. Mtafiti mmoja, nadhani uvumilivu ulimwishia, akauliza: na mjinga angepangaje? Hapo hapo wakapanga matunda na matunda, zana na zana, bila kosa.

Sasa nirudi kwa mwanangu na tufaha lake. Shirley Brice Heath, mwanaanthropolojia wa Marekani, alichunguza kwa karibu miaka 10 jamii jirani huko Carolina, akachapisha kitabu mwaka 1983. Aliona kwamba katika jamii moja ya watu weusi wafanyakazi, watu wazima hawakuwa na desturi ya kumuuliza mtoto kitu ambacho wao wenyewe wanakijua. Waliuliza wakitaka kujua kweli, au waliuliza kitu kinafanana na nini. Watoto hao walipofika shuleni wakakutana na mwalimu anayeuliza siku nzima mambo anayoyajua. Wakanyamaza. Walimu wakadhani hawajui kitu.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Jamani, nyumbani kwangu nani aliwahi kuniuliza "hii ni nini" huku ameishika mkononi? Bibi akiuliza "mbuzi wako wapi?" ni kwamba hajui mbuzi walipo, na ole wako kama na wewe hujui. Na mtoto akiongea na mkubwa hamkodolei macho. Mama yake na mimi tumemlea kijana vilevile bila kufikiri. Tulichokiita adabu, darasani kikaandikwa kuwa ni kuchelewa.

Lakini utafiti ulionikamata kabisa ni ule wa Robert Serpell, aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Zambia na baadaye akawa makamu mkuu wa chuo hicho. Mwaka 1979 alichapisha matokeo ya kulinganisha watoto wa Lusaka na watoto wa, subirini, Manchester. Mji huuhuu. Kazi yao ilikuwa kuangalia umbo na kulitengeneza upya, kitu ambacho vipimo vingi vya akili vinakitumia hadi leo. Ila Serpell hakuridhika na penseli peke yake. Aliwapa kazi hiyo kwa njia kadhaa: kuchora kwa penseli kwenye karatasi, kufinyanga kwa udongo, kukunja waya.

Kwa penseli, watoto wa Manchester waliwashinda wa Lusaka. Kwa udongo, hapakuwa na tofauti ya maana. Kwa waya, watoto wa Lusaka waliwashinda wa Manchester.

Mimi nimekulia Mbeya, na Zambia iko hapo tu ukivuka Tunduma, kwa hiyo sikuhitaji mtu anieleze kwa nini. Tulikuwa tunatengeneza magari ya waya. Unaanza na chasisi, unakunja kwa meno kama koleo hakuna (mama akikuona ni fimbo), unafunga maungio kwa waya mwembamba au ukanda wa mpira wa baiskeli, magurudumu unakata kwenye kandambili zilizokwisha, usukani unapanda juu kwa waya mrefu hadi kiunoni ili uliendeshe huku umesimama. Tulikuwa tunakaa kando ya barabara kuu kuyatazama malori ya kwenda Dar es Salaam ili tupate umbo la kichwa cha Scania sawasawa, tukikosea wenzetu wanacheka hadi basi. Hiyo ilikuwa ni kuchora michoro ya kihandisi bila karatasi. Kitu cha pande tatu unakishika kichwani, unakivunja kuwa mistari, unakijenga upya. Nilipofika mwaka wa kwanza wa uhandisi, somo lililowatoa wenzangu jasho, la kusoma mchoro na kuona mtambo wenyewe akilini, kwangu lilikuwa jepesi, na sikuwahi kujua nimshukuru nani.

Sasa mchukue mtoto yule wa Lusaka, mpe penseli tu, halafu andika kwenye faili lake kwamba uwezo wake wa kutambua maumbo uko chini. Utakuwa umedanganya, tena kwa nambari. Na mtoto wa Manchester ukimpa waya tu utamdanganyia vilevile.

Brazili nako walikuta jambo la namna hii. Huko Recife, Terezinha Nunes Carraher na wenzake wawili waliwafuata sokoni watoto 5 wachuuzi, wa miaka 9 hadi 15, wakajifanya wateja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1985. Mmoja wa miaka 12 aliulizwa nazi 10 ni bei gani, nazi moja ikiwa cruzeiro 35. Hakuongeza sifuri mwishoni kama tulivyofundishwa. Alikwenda kwa mafungu ya nazi tatutatu: 105, 210, 315, akaongeza moja, 350. Barabarani watoto hawa walipata asilimia 98 ya hesabu. Baadaye walipewa hesabu za aina hiyohiyo kwenye karatasi. Zikiwa na maelezo ya kisa, walipata asilimia 74. Zikiwa nambari tupu, asilimia 37. Ni watoto walewale.

Tatizo jingine ni neno lenyewe. Hebu isikilizeni lugha yetu. Mtoto akipita mbele ya wazee bila kuwaamkia, mama anasema "huyu hana akili." Akikaa anawatazama kuku wanavyodonoa mahindi yaliyoanikwa asiwafukuze, "hana akili." Akitumwa dukani akarudi na mafuta ya taa, kiberiti na chenji kamili, "ana akili huyu." Hakuna mahali hapo ambapo akili ni kutaja jina la tufaha. Sara Harkness na Charles Super walikuta mambo kama hayo miaka ya 1970 kwa Wakipsigis wa Kokwet, Kenya: mtoto anayesifiwa kwa neno la kwao ng'om ni yule anayeona kazi inayotakiwa kufanywa akaifanya bila kuambiwa, na wakitaka kusema akili za darasani inabidi waongeze kwamba ni ng'om wa shule. Serpell naye, kwa Wachewa wa mashariki ya Zambia, aliwauliza wazee ni mtoto yupi wangemtuma kwenye jambo muhimu, kisha akawapima watoto hao. Waliochaguliwa na wazee na waliong'ara kwenye vipimo hawakuwa lazima walewale.

Ila tusijidanganye, maana najua kuna mtu hapa ameshaanza kusema "nilijua, ni ubaguzi tu." Muda wa mtoto ni mmoja. Mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 katika kijiji cha Usenge, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Watoto wale walijua dawa za miti shamba za maradhi yanayowasumbua kila siku, elimu ambayo mimi na shahada zangu sina. Lakini waliozijua zaidi ndio walioelekea kupata alama za chini kwenye mitihani ya kishule. Watafiti hawakusema dawa zinaharibu akili. Waliona kwamba familia inaamua saa za mtoto ziende wapi, na zikienda huku haziendi kule. Huo ni uamuzi hasa, na sisi tulioko huku tunaufanya kila jioni, hata tusipoutamka.

Na mazingira si desturi peke yake, ni sahani pia. Kuanzia 1998, katika shule 12 za msingi Embu, watafiti waliwapa watoto githeri kwa mafungu: kundi moja lilitiliwa nyama, jingine likapewa na maziwa, jingine likatiliwa mafuta, na kundi la nne halikupewa chakula hicho. Kwenye kipimo cha kukamilisha maumbo, waliopanda zaidi ni wale wa nyama. Hukohuko Embu, watoto wa karibu miaka 7 waliopimwa 1998 waliwazidi kwa mbali wa umri huohuo waliopimwa 1984. Katika miaka 14 damu ya watu haibadiliki. Kilichobadilika ni kwamba wazazi wengi zaidi walijua kusoma, familia zilipungua ukubwa, na watoto walikula vizuri zaidi. Mwenye kusema akili ya kabila fulani ni ya kuzaliwa aanzie kueleza hapo.

Basi tulifanya nini? Kwanza tulimpeleka akapimwe masikio, maana mtoto asiyejibu huenda hasikii, na mambo yote haya ya utamaduni hayasaidii kitu kama tatizo ni sikio. Yalikuwa mazima. Pili hatukukataa uchunguzi. Nawaomba na nyie msikatae, kwani wapo watoto wenye shida kweli na msaada wa mapema ni bora kuliko heshima ya baba. Tuliomba tu afanyiwe na kwa Kiswahili, na mama yake awepo. Mwalimu nilimweleza habari ya maswali, naye akasikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea.

Tatu, na hili mke wangu ndiye aliyelivumbua wakati mimi nimezama kwenye vitabu. Alisema: mbona na sisi tunayo maswali ambayo muulizaji anajua jibu? Vitendawili! Kitendawili, tega. Nyumba yangu haina mlango. Anayetega anajua, wote mnajua kwamba anajua, na hakuna anayesema "wewe si unajua." Unashindwa, unatoa mji. Tukaanza kila jioni baada ya kula. Ndani ya wiki moja kijana akawa hatulazi. Ndipo mama yake akamwambia: mwalimu wako naye anatega, sema tu yeye hajui kutanguliza neno kitendawili.

Wiki tatu baadaye mwalimu alinisimamisha mlangoni. Anajibu, akasema, anajibu hata maswali ya wenzake. Ila kuna jambo hawalielewi. Amemuuliza mwalimu juu ya nyumba isiyo na mlango, mwalimu akashindwa, na mtoto anadai apewe mji. Hakutaka kunyamaza hadi alipopewa Stockport.

Kwenye penseli bado hajakaa sawa, na wataalamu wametupangia tarehe nyingine. Jioni tunachora naye dakika kumi, hata kama amechoka, maana karatasi ndiyo atakayoulizwa maisha yake yote akibaki kwenye shule hizi. Jumapili nataka nianze naye gari la waya. Nimejaribu hanga za nguo nikakuta ni ngumu mno kwa vidole vyake, na mpira wa kandambili sijaupata. Mwenye waya laini, ule wa kufungia maua bustanini, anione baada ya mkutano wa Jumamosi.